Nusu ya Mtakatifu Yosefu

Injini ya Lavern Bruns ilikufa Jumamosi alasiri mbele ya watu elfu mbili, kwenye mashindano ya trekta kuvuta mizigo, trekta lake likiwa limeburuta tela la uzito hatua mia moja hivi. Ilinguruma vizuri, magurudumu yakachimba udongo, wazee wakasimama jukwaani wameshikilia kofia zao. Halafu ukasikika mlio mkavu, mvuke mweupe ukafumka ubavuni, na trekta likasimama palepale kama punda aliyekataa kazi. Maji ya moto yalimtiririkia Lavern hadi kwenye viatu. Sisi watu wa Osterfeld, Ohio, tunaweza kusahau nani alimwoa nani na mwaka gani, lakini trekta la mtu likifia uwanjani, hilo halisahauliki.

Wengine waliowahi kufikwa na hayo walishuka, wakatikisa kichwa, wakaenda kunywa bia. Lakini Lavern ndiye mwenyekiti wa kamati ya maonyesho, na maikrofoni ilikuwa pale mezani kwa mtangazaji. Akaichukua.

"Mniwie radhi, jamani," alisema, na watu wakatulia. "Injini hii niliipeleka kwa Homan. Kumbe siku hizi kwa Homan anayefunga injini ni mkwe. Nimempa mwanamke injini, kanirudishia sufuria la viazi."

Watu walicheka. Sitamficha mtu hapa: walicheka wengi, hata wanawake.

Colette Homan alikuwa safu ya nne na sahani ya karatasi mapajani, imejaa chipsi. Ana miaka thelathini na minane, na tangu mikono ya baba mkwe wake ianze kutetemeka, miaka sita sasa, kila injini inayotoka katika karakana ya Homan imefungwa na yeye. Aliona shingo za watu wa mbele zikijizuia kugeuka. Mumewe, Duane, akamgusa kiwiko.

"Twende zetu."

"Niende wapi? Sijamaliza kula."

"Colette, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Tiketi wamelipia."

Akakaa, akala chipsi zote, moja moja, mpaka sahani ikabaki mafuta matupu. Hakusikia ladha ya hata moja.

Jumapili baada ya misa, ukumbini penye kahawa na maandazi, watu walimpa pole kwa namna ambayo angeona afadhali wamtukane. Mmoja alimwambia keki zake za mwaka jana zilikuwa tamu kweli, kwa nini asirudie kuoka? Mwingine alimuuliza Duane, Colette akiwa amesimama hapo hapo, kama ni kweli mkewe ndiye anayekaza bolti au hushika taa tu. Duane alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yapite. Colette alikisikia kicheko hicho na kikamuuma kuliko swali lenyewe.

Nyumbani, mama mkwe wake, Rita, alikuwa amepika kuku wa kukaanga na tambi za mayai juu ya viazi vya kuponda, kama kila Jumapili. Walikaa wanne mezani: Rita, mumewe mzee Aloys, Duane na Colette.

"Lavern ana mdomo mchafu," alisema Aloys. "Baba yake alikuwa vilevile. Injini za hapa haziharibiki. Nimefunga miaka hamsini, hakuna iliyorudi kwa bolti."

"Hii imerudi, baba," alisema Colette.

"Basi si bolti. Itakuwa kitu kingine. Wenyewe hawajui kuipasha moto kabla ya kuvuta."

"Kesho wataileta, nitaifungua. Nitaona."

"Kula, mwanangu," Rita akamwambia. "Injini haifunguliwi mezani."

Karakana ya Homan iko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya uwanja wa changarawe. Jumatatu asubuhi injini ilikuwa tayari juu ya stendi, mfuniko wa vali umeshatolewa, Colette ameinama juu yake na Duane ameshika taa. Ndiyo, mshika taa alikuwa yeye, mume.

Lazima niseme jinsi Colette anavyokaza bolti, kwa sababu kisa chote kimelala hapo. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, hufungwa kwa spana ya kipimo: unaiwekea nguvu unayotaka, unavuta polepole, ikifika inalia tak, nawe unaacha. Spana yake aliichagua mwenyewe. Muuza zana anayepita na gari lake kila Alhamisi alimletea moja ndefu, inayong'aa, inayofika paundi mia sita, akamwambia hii ndiyo ya wanaume. Colette akamuuliza wanaume hukaza nini cha mia sita kwenye trekta. Kazi yake nyingi ilikuwa kati ya themanini na mia na hamsini, na spana hupima kwa ukweli zaidi katikati ya uwezo wake kuliko mwanzoni au mwishoni. Akachukua fupi, inayoishia mia mbili na hamsini, kwa dola mia nne. Haifungulii bolti iliyokwama, hata siku moja. Akimaliza kazi huirudisha hadi alama yake ya chini kabisa, ili springi ipumzike, halafu anaifuta na kuilaza kwenye kasha. Kila masika huipima kwenye kipimio chenye mshale kilichofungwa ukutani, anaandika tarehe. Na kila bolti ikishalia tak, huichora mstari mmoja mwembamba wa rangi ya njano, kuanzia kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma cha chini yake. Bolti ikisogea hata kidogo, mstari unakatika sehemu mbili.

"Sogeza taa," alimwambia Duane.

Duane akasogeza. Bolti zilikuwa kumi na nne. Mistari yote kumi na minne ilikuwa imekatika.

"Zimelegea?" Duane aliuliza.

"Zingelegea, mstari ungerudi nyuma. Hizi zimekwenda mbele. Kuna mtu amezikaza baada yangu."

Alizitoa moja moja. Moja ilikuwa imekatika. Tatu zilikuwa na kiuno, zimevutika zikawa nyembamba katikati. Nyingine alizipima urefu kwa kalipa, na zote zilikuwa ndefu kuliko zilivyotoka kwenye boksi. Silinda hedi ilikuwa imeshikiliwa na bolti zilizokwisha nguvu, na injini ilipotiwa mzigo, ikainuka na gasketi, ile karatasi nene inayozuia maji yasivuje, ikapasuka.

"Vijana wa Lavern," Duane alisema haraka. "Wanapenda sana kuchokonoa. Wameipeleka nyumbani Ijumaa mchana, wakaifungua, wakajifanya mafundi. Wamekwisha hao!"

Colette alikuwa anaitazama bolti yenye kiuno kwenye kiganja chake, akitamani sana mumewe awe amesema kweli.

Mlango ukafunguliwa, mzee Aloys akaingia na kikombe cha kahawa. Akachungulia injini kwa mbali, mikono ikimtetemeka kiasi cha kahawa kugonga kingo za kikombe.

"Mnatazama bolti?" alisema. "Mnapoteza muda. Haiwezi kuwa bolti. Nilizipitia zote mwenyewe Ijumaa alfajiri, kabla hamjaamka. Hakuna hata moja iliyokuwa imelegea."

Duane aliishusha taa.

"Ulizipitia kwa spana gani, baba?" aliuliza Colette.

"Kwa yangu. Ile ya droo ya chini."

Kwa alivyojua Colette, spana hiyo ilikuwa imelala miaka sita kwenye droo, upande wa karakana usio na jiko la kupasha joto. Grisi ya ndani ilikuwa imeganda siku nyingi. Spana iliyolala hivyo huchelewa kulia, na mtu huendelea kuvuta akidhani bado.

"Na ilipolia tak," Colette aliuliza kwa sauti ndogo, "uliongeza?"

"Niliongeza nini? Niliweka nusu ya Mtakatifu Yosefu, basi, kama siku zote."

Kila mtu hapa kwetu anaijua nusu hiyo. Mafundi wa zamani wa Osterfeld, spana ikishalia, humalizia kwa mvuto mmoja mdogo wa bega, wa kumpa Mtakatifu Yosefu sehemu yake, yeye akiwa msimamizi wa mafundi. Walifundishwa na baba zao, ambao pia walifundishwa na baba zao. Injini za zamani zilikuwa na bolti nene zenye uvumilivu, nazo zilimsamehe Yosefu mambo mengi.

Aloys aliwaangalia wote wawili. Akaiangalia bolti mkononi mwa Colette. Kisha akageuka, akatoka na kahawa yake bila kufunga mlango.

Jumatano Lavern Bruns alikuja mwenyewe. Alisimamisha gari katikati ya uwanja, akashuka, akampita Colette aliyekuwa akisuuza vyuma kwenye beseni la dizeli, akaenda moja kwa moja kwa Duane.

"Duane, mimi na wewe tumesoma pamoja. Sitaki ugomvi. Mwambie mkeo asiguse tena injini yangu, nitaiacha hapahapa na mambo yataisha."

"Mkeo yuko hapa," Colette alisema. "Ana masikio mawili."

Lavern hakugeuka. "Kuna wakulima kumi na mmoja wana mashine za kuvunia za kukaguliwa kabla mahindi hayajakauka. Unajua wananisikiliza. Wanataka kujua nani anafunga. Nawaambia nini?"

"Waambie waje waniulize mimi," alisema Colette.

"Duane, nangoja jibu Jumamosi," Lavern alisema, akarudi garini. Alipowasha, alimpungia Colette mkono wa heshima, kama anavyowapungia watoto barabarani.

Jibu lilipikwa jikoni jioni hiyo, bila Colette kuulizwa. Alipoingia kunawa, Duane na mama yake walikuwa wamekaa wamenyamaza, na mtu aliyeishi na watu miaka kumi na tano anajua kunyamaza kwa aina hiyo.

"Keti, mwanangu," Rita alisema.

"Nitasimama. Suruali ina oili."

"Nimewaza. Wewe una moyo mkubwa, mimi najua. Ungesema tu kwamba mkono uliteleza. Mara moja tu. Watu watasema wiki mbili, halafu watapata jambo lingine. Wewe bado kijana. Lakini Aloys..." Macho yakamjaa. "Ana nini kingine yule mzee? Ana jina lake pale juu ya mlango. Ukimwondolea hilo umemzika."

"Na kazi nitafanya wapi, mama, nikisema mkono wangu uliteleza?"

Rita akamtazama mwanawe. Duane alikuwa anasugua meza kwa kidole.

"Kazi utafanya hapahapa," Duane alisema. "Hakuna kitakachobadilika. Utafunga wewe, kama kawaida. Ila kile kibati cha jina la fundi tunachobandika kwenye injini, badala ya kugonga herufi zako, tutagonga zangu. D.H. Watu wakija, mimi nitakuwa mbele, wewe utakuwa nyuma. Wakiondoka, unaendelea."

"Nyuma wapi? Chooni?"

"Colette..."

"Hapana, nataka kuelewa. Lavern akisimama uwanjani kama leo, mimi nijifiche nyuma ya kabati la zana? Nikipiga chafya je, utasema ni paka?"

"Ni mpaka mavuno yapite tu."

"Wewe Duane unaweza kufunga injini?"

Duane alikuwa mtu mwema, na swali hilo lilikuwa na jibu moja. Ana mikono mizuri ya kuchomelea, lakini injini mbili alizowahi kufunga mwenyewe zote zilivuja. "Unajua siwezi."

"Basi unataka jina la kazi usiyoiweza, na mimi nichukue jina la kosa nisilolifanya. Mmegawa vizuri kweli." Alinawa mikono pole pole, akaifuta. "Mama, mimi nampenda baba. Yeye ndiye aliyenifundisha, wakati wanaume wa mji huu walikuwa wananiuliza kama nimepotea njia ya kwenda jikoni. Lakini sisemi uongo kwa ajili yake. Si wa neno moja, si wa herufi moja."

"Kwa hiyo utamwaibisha mzee mbele ya watu?" Rita sasa alikuwa analia waziwazi.

"Sitamtaja. Na sitajitaja. Injini itajitaja yenyewe."

"Mimi nataka tuvuke mavuno tu," Duane alisema, akiiambia meza.

"Mavuno tutavuka," alisema Colette. "Wewe na mimi ndiyo sijui."

Akatoka. Alikuwa na hasira na wote watatu, na aliyemkasirisha zaidi alikuwa Duane, aliyempenda kuliko wote, maana hakutarajia angeuzwa naye kwa bei rahisi hivyo. Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye ghala la nafaka la ushirika, ambako wakulima wote hupita, akabandika karatasi mlangoni: *Jumamosi saa tatu asubuhi. Injini ya Lavern Bruns iko wazi mezani. Mwenye macho aje aone. C. Homan.*

Ijumaa alimkuta Aloys ndani ya karakana, amekaa kwenye kiti cha chuma mbele ya bolti kumi na nne alizozipanga Colette juu ya kitambaa cheupe. Mzee alikuwa ameitoa spana yake drooni, ipo mapajani.

"Nimesikia umeita watu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Unajua nimefunga injini ngapi?"

"Najua. Ulinionyesha daftari."

"Hakuna iliyorudi."

"Bolti zile zilikuwa za aina nyingine. Hizi hukazwa mpaka karibu na mwisho wa nguvu zake. Ukishafika hapo hakuna nafasi ya Yosefu. Nilikwambia siku ya kwanza nilipoziagiza."

"Uliniambia. Nikaona ni maneno ya vitabu." Aloys aliigeuza spana. "Wewe kwa nini hukuniambia nisiguse kazi yako?"

"Kwa sababu sikujua kama unaigusa! Umekuwa ukiipitia mara ngapi?"

Mzee alifuta mpini wa spana kwa kidole gumba. "Mara moja moja. Zile za watu wakubwa."

Hilo lilimchoma. Miaka sita alidhani anaaminiwa, kumbe kila injini ya maana ilikuwa inarudiwa alfajiri na mtu mwenye mikono inayotetemeka na spana iliyoganda. Aliweza kumsamehe kosa. Ule mwendo wa kunyata ndio alioshindwa kuusamehe.

"Utanitaja?" Aloys aliuliza.

"Sikutaji. Ila nikiulizwa kama ni mimi, nitasema si mimi. Watakaobaki ni wachache, baba. Watu wanajua kuhesabu."

"Rita anasema nikae ndani kesho. Eti niseme nina mafua."

"Kaa ndani ukitaka," Colette alisema. "Ni nyumba yako."

Jumamosi saa tatu uwanja wa changarawe ulijaa magari. Walikuja wakulima wenye mashine za kuvunia, na wasio na mashine, na wawili watatu waliokuja kwa sababu mji mzima ulikuwa unakwenda. Lavern alikuja wa mwisho, akapenya mpaka mbele, mikono mfukoni. Rita alibaki dirishani jikoni. Duane alisimama ndani ya karakana karibu na mlango mkubwa uliofungwa, hajui awe upande gani.

Colette hakutoa hotuba. Aliwaonyesha mistari ya njano iliyokatika, akawaachia wapitishe bolti zenye kiuno mkono kwa mkono. Akatoa spana yake kwenye kasha, akaiwekea mia na kumi, akaipachika kwenye kipimio cha ukutani na kuvuta. Tak. Mshale ukasimama mia na kumi na moja. Akavuta tena, na tena. Mia na kumi. Mia na kumi na moja.

"Hivi ndivyo nilivyokaza," alisema. "Kilichozivunja hizi kilivuta kama mia na arobaini."

"Maneno matamu," Lavern alisema. "Basi nani? Malaika?"

"Si mimi. Na injini yako ilipokufikia Ijumaa mchana, tayari ilikuwa hivi."

"Kwa hiyo ni mtu wa humuhumu, na si wewe." Lavern aliwageukia watu, akitabasamu. "Mnaona? Mwanamke akikosea lazima apatikane mtu wa kusingiziwa. Duane, ni wewe?"

Duane alifungua mdomo. Mpaka leo haijulikani alitaka kusema nini, maana mlango mdogo wa upande ulifunguliwa na Aloys akaingia, amevaa shati la kwenda kanisani, spana yake mkononi. Watu wakampisha.

"Hii spana haina ubaya," alisema, akionekana kumwambia Colette peke yake. "Ninyi mtaona." Akaiwekea mia na kumi kwa shida, vidole vikikwepa alama. Akaipachika, akaweka mguu mbele kama alivyosimama miaka hamsini, akavuta. Mshale ulipita mia na kumi. Ukapita mia na ishirini. Ndipo spana ikalia, mshale ukiwa mia na ishirini na nne. Na kabla mtu hajavuta pumzi, bega la mzee likaruka lenyewe, mvuto mmoja mdogo, safi, wa Mtakatifu Yosefu. Mshale ukaenda mia na arobaini na moja.

Wazee watano sita pale mbele walitazama chini, kwa sababu kila mmoja wao alijua bega lake lingefanya hivyohivyo.

Aloys aliutazama mshale muda mrefu. "Ni yangu," alisema. "Spana yangu na mkono wangu. Ijumaa alfajiri. Yeye alikuwa amelala. Kazi yake ilikuwa safi, mimi nikaiharibu."

Lavern akacheka, akampiga mzee mgongoni. "Aa, mzee Aloys! Si ungesema tu? Kama ni wewe, yamekwisha. Kila mtu hukosea, bwana. Nifungieni tu upya, bolti nitalipia mimi, hata hakuna haja ya kuzungumza tena." Watu wakaanza kupumua. Wengine wakatabasamu, na mmoja akasema ndivyo ilivyo, injini ni injini.

"Hapana," alisema Colette.

Wakamgeukia.

"Wiki nzima, lilipokuwa kosa langu, nilikuwa mwanamke. Leo limekuwa la mzee, eti kila mtu hukosea?" Sauti yake haikupanda. "Kanisani nimeambiwa nirudi kwenye keki. Umesimama kwenye uwanja huu ukazungumza na mume wangu juu ya kichwa changu kama mimi ni ndoo. Usiku wa leo ndio wa mwisho wa mashindano. Maikrofoni ipo. Ulichokisema mbele ya watu elfu mbili, kakiondoe mbele ya watu elfu mbili. Halafu nitakufungia injini."

"Colette, usizidishe," Lavern alisema, bado anatabasamu. "Siwezi kusimama mbele ya watu nianze kuomba radhi kama mtoto."

"Jumamosi iliyopita ulisimama. Miguu ni ileile."

Tabasamu likaondoka. "Nitaipeleka kwingine. Na siondoki peke yangu, unajua."

"Rudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni. Duane, fungua mlango mkubwa."

Duane alimtazama mkewe, kisha akatazama upande wa dirisha la jikoni alipokuwa mama yake. Ilimchukua muda ambao Colette aliuhesabu wote. Halafu akaushika mnyororo wa mlango, akauvuta, mlango ukapanda.

Lavern hakuamini. "Aloys! Wewe ndiye mwenye karakana. Tumekuwa tukileta kazi hapa tangu enzi za baba yangu. Utakubali niondoke hivi?"

Aloys alikuwa ameshafika kwenye winchi ya kunyanyulia injini. Alishika mnyororo kwa mikono miwili, na mnyororo ukalia kwa jinsi mikono ilivyotetemeka.

"Mimi sifungi injini hapa," alisema. "Muulize fundi."

Basi Lavern akarudisha gari, kwa sababu hakuwa na la kufanya tena mbele ya watu wote wale. Aliangalia kulia na kushoto akiwatafuta wakulima wake kumi na mmoja. Watatu walielekea kwenye magari yao. Wengine walikuwa wamezunguka kipimio, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu bolti za mashine zao, na mmoja alikuwa anamuuliza Colette kama Jumatano ana nafasi. Injini ikapanda, ikayumba kidogo hewani, Aloys akaishusha inchi kwa inchi mpaka ikakaa kwenye gari la Lavern. Duane akaifunga kamba.

Colette alikuja na kopo lenye bolti zote kumi na nne, akamkabidhi Lavern dirishani.

"Hizi ni mali yako. Ila usikubali mtu azirudishe kwenye injini, zimevutika," alimwambia. "Hata akiwa mwanaume."